Maagizo ya Mashine

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na kazi yangu ilikuwa kutafsiri vijitabu vya mashine za nyumbani. Mtu ananunua jokofu, anafungua katoni, anakuta kijitabu kinachomwambia asilisukume ukutani kabisa. Kama aliusoma upande wa Kiswahili, huenda alikuwa ananisoma mimi. Ofisi yetu ilikuwa Nairobi, ghorofa ya tatu, chumba kimoja chenye meza nne na watafsiri watano. Ilikuwa ile miaka ya tisini inayoelekea mwisho, wakati kompyuta ilifunikwa kitambaa kila jioni ili isishikwe na baridi.

Mkubwa wetu alihudhuria mkutano ng'ambo, na huko akasikia kwamba siku zijazo watu watafanya kazi popote walipo, ufukweni, mlimani, hata kitandani. Aliporudi hakutulia tena. Asubuhi moja akaniita, akaweka mkoba mweusi mbele yangu.

"Hii ni kompyuta ya kubeba," akasema. "Kuanzia Jumatatu, ofisi yako iko popote."

"Popote wapi, mzee?"

"Popote! Kwenu ni wapi?"

"Musanda. Mbele ya Mumias."

"Basi Musanda," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja Paris. "Kila Ijumaa unanitumia disketi kwa basi. Kila Jumanne saa nne unanipigia simu. Wewe ndiye majaribio yetu."

Nilifurahi kupita kiasi. Miezi mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba shemeji yake alikuwa amepata kazi kwetu na hakukuwa na kiti. Lakini siku hiyo nilishuka zile ngazi nikijiona mtu wa karne ijayo, nimening'iniza begani kitu chenye uzito wa matofali mawili.

Nyumbani Musanda alikuwa amebaki nyanya yangu peke yake, mama yake baba, ambaye sisi sote tulimwita Kukhu. Yeye naye aliniita bwana yangu, kama nyanya wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, na kama bwana alinidai maelezo. Jumatatu asubuhi alinikuta nimekaa mezani, nimevaa shati la kazi na tai, kwa sababu niliamini majaribio yanahitaji tai.

"Bwana yangu, leo ni siku gani?"

"Jumatatu, Kukhu."

"Na uko hapa."

"Niko kazini."

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akachungulia na nyuma ya mlango.

"Kazi iko wapi?"

"Hii hapa."

"Wamekufuta?"

"Hawajanifuta."

"Ulipiga mtu?"

"Kukhu, nimeletwa na kazi yenyewe. Wamesema nifanyie hapa."

Alinitazama kwa huruma nyingi mno, akaenda zake jikoni. Huko, nilikuja kujua, alipima mambo mawili: mjukuu aliyefutwa kazi na mjukuu mgonjwa. Akaona ugonjwa una heshima zaidi. Kufikia Jumatano akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni, wameniwekea mikono kichwani na mabegani, nami niko katikati ya kijitabu cha sufuria ya umeme ya kupikia wali, pale panaposema usifungue kifuniko mvuke ukiwa bado unatoka. Niliogopa kusimama katikati ya maombi, kwa hiyo niliendelea kupiga chapa polepole. Mmoja wao akafungua jicho moja.

"Na hiki ndicho kinampima?" akanong'ona.

"Kinampima," akajibu Kukhu bila haya.

Kikapiga mlio wakati huo huo, kwa sababu betri ilikuwa inakwisha. Maombi yakapanda sauti.

Betri hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Ilidumu saa moja na robo, na kwa Kukhu hapakuwa na stima. Nguzo za stima zilipita mbali, zikaenda hadi sokoni, na pale sokoni aliyekuwa na stima ya uhakika alikuwa mama mmoja mwenye mashine ya kusaga unga. Alikuwa Mwislamu wa Mumias aliyeolewa kwetu, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kushindana na mota. Nilimkuta mlangoni, nikamwamkia kwa salamu, akaitikia na kunikagua tai.

"Hiyo kitu inakulanga stima kiasi gani?" akauliza.

"Kidogo kuliko balbu, mama."

"Na mimi utanifanyia nini?"

"Nitakuandikia chochote unachotaka."

Alifikiri kidogo, akaniletea ubao na kopo la rangi nyekundu. Nikamwandikia bango, yeye akitamka, mimi nikifuata: MAHINDI MABICHI HAPANA. KUSUKUMANA HAPANA. KUKOPA HAPANA. TUNAFUNGA SAA KUMI NA MOJA INSHALLAH. Nilipendekeza tuanze na neno karibu. Akasema wakikaribishwa watakaa. Basi nikapewa kona, kiti kisicho na mgongo, na soketi yenye kutoa cheche ndogo, zisizosumbua ukiizoea.

Sikuwahi kufanya kazi mahali penye makelele kiasi kile, wala peupe kiasi kile. Unga ulielea hewani, ukatua juu ya kila kitu. Kufikia saa sita nilikuwa na nyusi za mzee wa miaka tisini. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nikiwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu, nikakutana njiani na wawili kati ya wale mama wa kanisa. Niliwaamkia "Mulembe!" kwa furaha. Mmoja alirudi nyuma hatua tatu, mwingine akaanza wimbo.

Kompyuta nayo iliumia kwa njia yake. Unga uliingia chini ya herufi ya K, ikagoma. Sikugundua, kwa sababu nilikuwa naangalia kitabu, si kioo. Jumanne nikapanda kwenda Mumias, nikasimama kwenye kibanda cha simu, nikampigia mkubwa.

"Majaribio yanaendeleaje?" akauliza.

"Vizuri sana, mzee."

"Nakusomea ukurasa wa saba," akasema. "'Usiwee miono ndani ya sufuria iiwa bado ina joto ali. Ama unataa uiosha, subiri ipoe abisa.' Hii ni lugha ya huko kwenu?"

Nikamwambia ni unga. Halafu akauliza, kwa upole sana, kama kuna mahali pengine popote.

Lakini nilikuwa nimeshaipenda ile kona. Nilisafisha herufi kwa manyoya ya kuku, nikajifunza kuipiga K ngumi ndogo, na kazi ikaenda. Zaidi ya hapo, foleni ilikuwa imeanza kunisaidia. Watu walisubiri zamu yao wamekalia magunia na madebe, hawana la kutazama ila mimi, na mama alipozima mota kubadilisha gunia kulikuwa na kimya cha kama dakika mbili. Katika kimya hicho nilisoma kwa sauti sentensi niliyokuwa na shaka nayo.

"'Usihifadhi wanyama hai ndani ya jokofu.' Inaeleweka?"

Foleni ikatazamana.

"Inaeleweka," akasema mama mmoja mwenye gunia la mtama. "Lakini nani anaweka?"

"Na hii: 'Hakikisha hakuna mtoto ndani kabla ya kufunga mlango.'"

"Woi!" wakasema wote pamoja. Mama wa mtama akasema wazungu wanahitaji kutembelewa. Kisha wakanirekebishia Kiswahili bila kuombwa. Mimi nilikuwa nimeandika "kifaa kisielekezwe kwenye miale ya jua moja kwa moja." Wao wakasema andika "usiweke juani." Nikafuta, nikaandika usiweke juani. Tangu siku hiyo kila kijitabu changu kilipita kwenye foleni kwanza, na sentensi zangu zikafupika hadi mkubwa akauliza kwa simu kama niko sawa.

Tatizo lilianza kwenye kijitabu cha tatu. Kilikuwa cha mashine ya jikoni ya kukatakata vyakula, yenye visu vya kuzunguka ndani ya bakuli la plastiki. Nilikuwa nacho mapajani wakati mzee mmoja, jirani yetu wa mpaka mmoja, aliposogeza debe lake karibu na kiti changu. Mzee huyu alikuwa na shamba la miwa iliyokomaa hadi ikachoka kusimama, imelala huku na huku kama wageni wa harusi. Kila siku aliitazama barabara akingoja watu wa kiwanda cha sukari waje kukata. Aliniita mwalimu, kwa kuwa kwake kila anayeandika ni mwalimu.

"Mwalimu, unaandikanga nini hapa siku yote?"

"Maagizo, mzee."

"Maagizo ya nini?"

"Ya mashine."

"Hii ya kusaga?"

"Hapana. Hii ninayoandika sasa ni ya kukata."

Debe likasogea tena.

"Ya kukata," akasema.

"Ndiyo. Inakata upesi sana. Ni mpya, haijafika huku bado."

"Na ukimaliza kuandika?"

"Natuma Nairobi Ijumaa. Wakikubali, inaanza kutoka."

Nilikuwa nazungumzia kijitabu kutoka kiwanda cha kuchapisha. Mzee alikitazama kioo cha kompyuta, ambacho siku hiyo kilikuwa na mchoro wa kisu.

"Na mtu akitaka kuwa wa kwanza?"

Nikadhani anataka kuinunua. Nilishangaa, lakini nani ajuaye mambo ya mzee na jiko lake? "Awahi tu, mzee," nikamwambia. "Anayewahi ndiye anayepata."

Mota ikawaka, mazungumzo yakaishia hapo. Asubuhi iliyofuata palikuwa na kuku mlangoni kwa Kukhu, jogoo mwekundu amefungwa miguu, ana uso wa kukata tamaa.

"Ametoka wapi?" nikauliza.

"Kwa jirani. Anakusalimia."

"Kwa nini anisalimie na kuku? Kukhu, mrudishie."

"Nikimrudishia atasema namtukana," akasema Kukhu, naye alikuwa ameshaweka maji motoni. Sikujua ni kwa nini tunakula ingokho, yaani kuku, siku ya Alhamisi. Lakini obusuma, ugali wa kwetu, ilikuwa ya moto na mchuzi ulikuwa mzito, na sikuuliza mara ya pili. Naandika haya nikijua yananihukumu.

Ijumaa nilituma disketi ya kurasa za kwanza kwa basi. Jumatano iliyofuata, asubuhi na mapema, wakataji miwa wakashuka kwenye shamba la mzee na mapanga yao, trekta ikifuata na trela. Ilikuwa zamu yake tu. Mtu yeyote mwenye kalenda angekwambia hivyo. Ila mzee hakuwa na kalenda. Alikuwa na jogoo aliyekwenda na trekta iliyokuja.

Alhamisi akafika kwa mashine ya kusaga bila mahindi. Alikuwa amevaa koti la suti. Akaushika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili, akautikisa kwa muda mrefu mno, foleni yote ikitazama, akasema neno moja tu: "Mwalimu." Kisha akaenda.

Jumatatu nilikuta foleni mbili. Moja ilikuwa ya kusaga. Ya pili ilianzia kwenye kiti changu, ikatoka mlangoni, ikazunguka kibanda cha fundi wa viatu. Watu wa foleni ya pili walikuwa na kuku, mayai kwenye vikapu, ndizi, na mmoja alikuwa na bata mzinga aliyenichukia tangu tulipoonana. Wachache walikuwa wamebeba mahindi kikombe kimoja ili wasionekane wamekuja bure.

Mota ilikuwa inanguruma. Kila mmoja aliinama akanisemea sikioni, nami nilisikia vipande: "...ng'ambo ya mto..." "...ule mti umeanguka, upande wa..." "...mjane, mwalimu, mjane..." Sasa, mtu akikusemea sikioni na husikii, unafanya nini? Unatikisa kichwa. Nilitikisa kichwa kwa adabu, mtu baada ya mtu, nikidhani wananipa pole ya ugonjwa, na zawadi ni za mgonjwa. Kila mmoja alinishika bega na kuondoka na uso uliong'aa. Hadi saa nne nilikuwa nimeahidi kukata nusu ya miwa ya Musanda.

Mama mwenye mashine ndiye aliyenifumbua macho. Alinivuta kando, karibu na magunia.

"Wewe, kwani ni mtu wa kiwanda?"

"Mimi? Hapana."

"Basi kwa nini umemwambia mama mkwe wangu shamba lake litakatwa Jumamosi?"

"Sijamwambia kitu! Nilitikisa kichwa."

"Alikuuliza kama ni Jumamosi."

Nikakaa juu ya gunia la mtu.

"Hawa watu wako wananizibia mlango," akasema. "Nitazima mota. Utawaambia ukweli. Ama uwaambie walete mahindi."

Nikachagua ukweli. Akazima. Kimya kikashuka na unga ukashuka pamoja nacho. Nikasimama juu ya kiti.

"Ndugu zangu, akina mama, wazee. Mimi si mtu wa kiwanda. Sina uwezo wowote juu ya miwa."

Wakatikisa vichwa kwa kuelewa. "Ndivyo wakubwa wanasemanga," nikamsikia mtu nyuma, kwa heshima kubwa. Mwingine akainua kuku wake juu zaidi, akidhani nimekataa kwa sababu sikumwona vizuri.

"Naandika habari ya mashine ya jikoni," nikasema. "Ya mboga! Nitawasomea, mjionee wenyewe."

Nikaichukua kompyuta, nikaishika mbele yangu kama mhubiri na kitabu chake, nikasoma pale nilipokuwa nimefika.

"'Osha visu kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kukata.'"

"Ni kweli," akasema mzee mmoja. "Wakataji wale mapanga yao ni machafu sana."

"'Usijaze kupita alama.'"

"Trela! Wanajazanga hadi inamwaga barabarani!" wakapiga makofi.

Hapo ningefunga mdomo. Lakini nilikuwa nimeshapata kasi, na macho yalikuwa yametangulia mbele ya akili.

"'Mashine hii isitumiwe kukata vitu vigumu kama mifupa, barafu au miwa.'"

Sijui kama umewahi kusikia watu wengi wakivuta pumzi pamoja.

"Amesema miwa isikatwe," akasema mama mmoja, taratibu.

"Isikatwe?"

"Imeandikwa! Nairobi wamesema miwa isikatwe!"

Nikapiga kelele kwamba ni ya karoti, ni ya karoti, lakini foleni mbili zilikuwa zimekuwa kitu kimoja kinachotoka mlangoni kwa mara moja. Vikapu vilidondoka. Bata mzinga alifunguka, na kati ya watu wote waliokuwemo akanichagua mimi. Nilipanda juu ya mizani. Mama mwenye mashine alimfukuza kwa ufagio, akanitazama nikiwa juu pale na kompyuta kifuani.

"Dada yangu ana saluni Matungu," akasema. "Ana stima. Nenda kesho, kaa huko hadi hawa wapoe."

Nikaenda. Saluni ya dada yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu na viti viwili, vyote viwili vimesimama chini ya zile kofia kubwa za kukaushia nywele. Nilipewa kimoja. Kwa siku mbili nilifanya kazi chini ya kofia, mwanamke mwenye roli za nywele kichwani upande wangu wa kushoto, harufu ya dawa ya nywele kila mahali, na lazima niseme kilikuwa kiti bora kuliko vyote nilivyokalia kama mfanyakazi wa popote. Wateja waliniuliza maswali, nikajibu kwa uangalifu. Sikutamka neno maagizo. Wala sikutikisa kichwa hata mara moja, na mmoja wao akauliza kama shingo inaniuma.

Siku ya tatu pikipiki ikasimama nje. Akaingia mwanamume mwenye helmeti, buti za mpira na faili kwapani. Alikuwa afisa wa mashambani wa kiwanda, yule anayezunguka kupima miwa na kupanga zamu za kukata.

"Nani hapa ni mtu wa maagizo?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote Matungu neno hilo. Hata hivyo wanawake wote waliomo mle ndani walininyooshea kidole. Nikasimama haraka, nikajigonga kichwa kwenye kofia ya kukaushia.

"Ofisini kwangu hakuingiliki," akasema afisa. "Wengine wanalia kwamba Nairobi imekataza miwa kukatwa. Wengine wanasema wana ahadi yao. Nikiuliza ahadi ya nani, wananionyesha hivi." Akatikisa kichwa, juu chini, kwa adabu. Aliiga vizuri. "Nani alifanya hivi?"

"Ni mimi," nikasema. "Kulikuwa na makelele."

Nikamweleza yote, tangu Nairobi hadi bata mzinga. Hakuamini. Akataka kuona. Nikamwachia kiti changu, akavua helmeti ili atoshee chini ya kofia, akasoma kioo kwa kidole, akitamka polepole: visu, bakuli, kifuniko, karoti. Alipofika kwenye karoti mabega yakaanza kucheza. Alipofika kwenye miwa alifunika uso kwa faili. Alicheka hadi mwenye saluni akamletea maji, na mwanamke wa roli akaanza kucheka bila kujua anacheka nini.

"Twende Musanda," akasema alipopata pumzi. "Utakaa nyuma."

Tulifika sokoni mchana, mimi nimekumbatia kompyuta, tai imepepea hadi begani. Watu walikusanyika kabla pikipiki haijazimwa. Wengine, niliambiwa baadaye, waliona afisa ananiendesha wakaamua kwamba basi mimi ndiye mkubwa wake. Afisa akapanda juu ya ngazi ya mashine ya kusaga.

"Huyu si wa kiwanda," akatangaza. "Miwa itakatwa kwa zamu kama siku zote. Huyu anaandika habari ya mashine ya kukata karoti."

Mzee jirani yetu alikuwa mbele kabisa.

"Karoti?" akauliza.

"Karoti."

"Karoti moja?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hiyo inahitajia mashine ya nini? Kisu kimeenda wapi?"

Afisa akanigeukia. Mimi nikaigeukia kompyuta. Nadhani upuuzi wa jambo lenyewe ndio uliowashawishi. Hakuna mtu ambaye angetunga uongo wa kijinga namna hiyo. Niliona imani ikiwatoka usoni mmoja baada ya mwingine, na nitakiri kwamba iliniuma kidogo. Kwa siku chache nilikuwa mtu mkubwa.

"Na trekta iliyokuja kwangu?" mzee akauliza, kwa sauti ndogo.

"Ilikuwa zamu yako tangu mwezi uliopita," akasema afisa.

Mzee akavuta koti lake. Alionekana kama mtu aliyeibiwa. "Hapana," akasema. "Ile ilikuwa ya jogoo." Akaondoka, na kauli hiyo hakuibadilisha hadi mwisho wa maisha yake.

Zawadi zilirudishwa, zile zilizokuwa bado zinapumua. Ilichukua mchana mzima, maana Kukhu alikuwa amewaachia kuku wote pamoja uani, na akina mama wawili walimdai kuku mmoja mweupe hadi kuku mwenyewe akamfuata mama wa tatu. Afisa alisaidia kusuluhisha. Jua lilipoanza kushuka, akaniomba nimsindikize hadi kwenye pikipiki. Tulipofika akaangalia nyuma, akashusha sauti.

"Baba yangu ana miwa kule Matete," akasema. "Si eneo letu, sijui mtu yeyote huko. Inakauka. Nimeandika barua tatu."

"Pole sana, afisa."

"Nilikuwa nafikiria." Akaitazama kompyuta. Akaitazama tena. "Hakuna mtu unamjua?"

Nilijiepusha kutikisa kichwa. "Mimi ni wa karoti, afisa," nikamwambia.

"Ndio, ndio," akasema, akavaa helmeti haraka. "Nilikuwa nauliza tu."

Kijitabu nilikimaliza wiki hiyo, kona ile ile ya unga, mama akinilipisha bango la pili: HATUANDIKISHI MTU HAPA. Jumanne nilimpigia mkubwa. Alikuwa na furaha. Alisema wateja wamesifu Kiswahili changu, kwamba sasa kinasikika kama mtu anaongea, na kwamba majaribio yamefaulu. Kisha akasema amenipatia kazi kubwa, kijitabu cha kurasa mia mbili.

"Cha nini, mzee?"

"Trekta. Na trela lake."

Nikashika ukuta wa kibanda. Nilimwomba anipe kitu kingine chochote duniani. Baada ya kubembelezana sana akanipa pasi ya umeme, na nikamsikia akimwita shemeji yake aje achukue trekta.

Nilikaa Musanda hadi mvua ndefu za mwaka uliofuata. Kisha nikapanga chumba Kakamega mjini, chenye stima mchana kutwa, meza yangu mwenyewe, na mlango unaofungika. Siku ya kwanza niliandika ukurasa mmoja. Siku ya pili niliandika nusu yake. Hapakuwa na unga, hapakuwa na kelele, na hapakuwa na mtu wa kuniambia sentensi hiyo haisemeki. Siku ya tatu niliichukua karatasi yangu, nikavuka barabara, nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi karibu na stendi. Nikamsomea jinsi ya kusafisha birika la umeme.

Akanisikiliza hadi mwisho, mwiko mkononi.

"Haya," akasema. "Kwanza unanunua ngapi?"